Usikate Tena Kidonge, Mama

Tunduma

Mama yangu kipenzi,

Basi lililobeba barua yangu ya kwanza liliondoka sijamaliza kukueleza, kwa hiyo namalizia hapa: mume wangu Ezekia hunichotea maji yeye mwenyewe! Hutoka na ndoo asubuhi mbele ya wanaume wenzake, nao humcheka, "Bwana harusi, kumbe umeolewa wewe!" Naye huwajibu, "Nimeolewa, ndiyo. Ninyi mnangoja nani awapose?" Mama, mimi nimebahatika.

Hujambo lakini? Baba je, kifua kimetulia? Kahawa imeanza kuiva? Sisi ni wazima, na mimi nanenepa kwa raha, ila tangu mama mdogo apite hapa situlii. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Alikuja kuuza maharage, akalala kwetu. Ndipo akaniambia kwamba vidonge vyako vya presha unavikata kwa wembe, nusu leo, nusu kesho, na ukiamka kichwa hakiumi unaacha kabisa. "Anasema dawa za dukani ni za wenye maduka," akacheka. Mimi sikucheka. Mama, siku ya harusi yangu ulipokaa chini ghafla katikati ya ngoma, ukasema ni furaha, kumbe haikuwa furaha?

Najua si kupenda kwako. Zahanati wanakuandikia cheti tu, dawa ukanunue mwenyewe. Hapa maduka ya dawa yamepangana kama ya vitenge. Niliingia moja, nikamkuta muuzaji ameshika mkasi kama fundi cherehani.

"Nikukatie vingapi, dada? Wengi huchukua vinne."

"Vinne vitamtibu mama?"

"Vitampoza."

Nikauliza vya mwezi mzima. Aliponitajia bei, nikaomba maji ya kunywa.

Nilirudi nyumbani nalia. Kesho yake Ezekia alikwenda kwa mwenye duka yule, akaomba awe anamshushia katoni akimaliza kazi yake ya kupakia malori, na asilipwe fedha, alipwe vidonge. Vya mwezi tumeshavipata, mama, vizima, havijaguswa na mkasi! Anarudi mgongo unamuuma, namkanda, namsihi apumzike. Ananiambia, "Yule ndiye aliyekuzaa. Ningekupata wapi?" Sasa nisimpende vipi mtu huyu?

Nilitaka kuvituma kwa mama mdogo akipita tena, Ezekia akakataa. Anaogopa utavikata. Nikamwambia, "Utavipelekaje wewe, na kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso?" Akafikiri, akasema, "Nitakaa nje, yeye awe ndani, mlango katikati. Ameze, nisikie kikombe kikiwekwa chini."

Nisalimie baba, bibi aliyenifunda, na kaka yangu mkubwa aliyelia kuliko wanawake wote siku naondoka. Vile ulivyobaki navyo meza vizima, vikiisha sisi tuko njiani. Mwezi huu hautaisha kabla hujasikia hodi yetu. Weka kikombe karibu na mlango.

Mwanao asiyetulia mpaka akuone,
Neema