Jiko Lililoachwa Tupu

Ziwa Refu, Ontario
Juni 1974

Kwako dada yangu Delphine,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Winnipeg, na kile kikohozi cha Lorne kimekwisha. Mimi ni mzima, ila mabega yananiuma na visubi vimenitafuna shingo hadi imevimba. Mjomba Norbert anakusalimu. Goti lake ni lile lile, na mdomo wake ni ule ule.

Keti kwanza ndipo uendelee kusoma. Nimekwenda kibandani kwa baba, kwa mtumbwi, peke yangu. Ungenikataza, ndiyo maana sikukuandikia kabla. Tangu Oktoba, mtumbwi wake ulipokutwa umepinduka katikati ya ziwa na yeye haonekani, nimechoka na watu wanaonyamaza nikiingia dukani. Wote wanasema alijitupa majini kwa sababu ya kifo cha mama. Wewe nawe unasema hivyo, na kwenye karamu ya kuwakumbuka wafu wetu ulikataa kumwekea sahani. Nilitaka kujua kama baba alituacha kwa kusudi. Sikwenda kwa jambo jingine.

Mjomba alitaka kunisindikiza, nikakataa, naye akanikalisha ufukweni kunifundisha kama mtoto mdogo. Alisema nisikae kiti cha nyuma nilichozoea, maana mbele hakutakuwa na mtu, pua ya mtumbwi itainuka na upepo utaichezea. Nipige magoti katikati, na mbele niweke jiwe. "Ukikaa huko nyuma kama malkia," akasema, "utazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala." Nikaweka tumbaku majini iwe sadaka ya safari, kama baba alivyotuzoesha, nikaondoka. Kufika kwenye maji mapana magoti yalikuwa yamekufa ganzi, nikajihamishia nyuma. Nilizunguka kweli, Delphine. Maji yaliingia hadi mkate ukalowa, nikaokoka kwa kulala kifudifudi juu ya mzigo wangu. Nilimtukana kila mtu ninayemjua. Baada ya hapo nilipiga magoti bila kunung'unika.

Kwenye maporomoko niliubeba mtumbwi kichwani kupita msituni, nikarudi kufuata mzigo, nikaanguka matopeni, nikalia kidogo, nikaendelea. Nilikifikia kibanda jua likiwa bado juu.

Ndani kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha. Unga aliokuwa ameukanda kwa mkate ulikuwa kikaangoni, umekauka na kuota ukungu. Nikafungua jiko. Lilijaa majivu, hakuna kibanzi hata kimoja. Unakumbuka alivyotupiga vidole kwa kuacha jiko tupu? Hata akienda kulala kambi nyingine usiku mmoja, kitu cha mwisho kabla ya kufunga mlango kilikuwa kupanga vibanzi, gome la kuwashia na njiti ya kibiriti, ili atakayefika na baridi asihangaike. Aliacha jiko tupu pale tu alipotoka kidogo, kutazama nyavu na kurudi. Polisi walikuja na ndege yao, wakaingia mle, wakaona hamna mtu, wakatoka. Angeingia mmoja wetu angetazama jikoni. Lakini barafu ilikuwa inafunga ziwa, na sisi tulikuwa tumekwisha kuamini.

Nilicheka peke yangu mle ndani. Baba alikuwa anarudi kula mkate wake. Nililala kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayoniumiza sasa.

Asubuhi nilivuka ghuba kutafuta nyavu. Ng'ambo, nyuma ya kinamasi, niliona shali nyekundu ya mama, ile baba aliyokuwa akiivaa, imefungwa juu ya msonobari mchanga. Chini yake palikuwa na kibanda cha matawi yaliyokatwa kwa kisu. Nilimtambua baba kwa viatu. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa vijiti viwili kwa mkanda wake. Aliogelea hadi pale, dada, akavunjika mguu kwenye mawe, akawasha moto kwa kibiriti cha kile kikebe alichokivaa shingoni. Majivu yalikuwa mengi, na mifupa ya sungura ilikuwepo. Aliishi siku kadhaa. Na ukisimama pale unapaona mahali polisi walipokuwa wakiburuta kulabu zao kwenye kina kutafuta maiti yake.

Mjomba ameniambia nisikuandikie hili linalofuata. "Yule ameshakufa," alisema. "Delphine bado anatakiwa alale usiku." Lakini utalisikia tu kwa mtu, na afadhali liwe kwangu. Polisi hawakutembea ufukweni kwa sababu uliwaambia baba alisema makaburini kwamba atamfuata mama. Alisema kweli, nami nilimsikia. Hukudanganya, hukumtakia mabaya. Mimi nilisimama karibu yako nikanyamaza kwa kuwa niliamini kama wewe. Siandiki ili nikuhukumu. Naandika kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu, na kwa sababu baba hakutuacha.

Kuna jambo moja zaidi. Kando yake, mahali pakavu chini ya matawi, alikuwa amepanga vibanzi vizuri, gome chini, na kile kikebe juu kikiwa na njiti moja. Sijui kama aliiweka ili awashe moto ndege ya polisi ikirudi, au aliiacha kama jikoni, kwa atakayefika. Nimefika mimi. Niliwasha, ikashika mara moja, nikachemsha chai, nikamimina kikombe chake kwanza.

Tunamzika Jumamosi ijayo, kando ya mama. Njoo. Sahani yake nimeiosha, lakini sitaiweka mimi. Nakungoja wewe.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie namsalimu sana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Verna