Yeyo, Ulivyonifungulia Kilatini

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Takwenya. Nakusalimu kwa Kimaasai kama ulivyopenda, ingawa mengine nitayasema kwa Kiswahili ili mjukuu wako naye aje ayasome.

Unakumbuka likizo ile ya Agosti nilipotoka seminari ndogo kule Kajiado nikiwa nimekonda kwa mawazo? Nilikuwa kidato cha kwanza, na Kilatini kilikuwa kimenishinda. Padre aliyetufundisha aliniambia kwa upole kwamba nikianguka tena muhula ujao, ningerudi nyumbani. Na baba alikuwa ameshasema kwamba nikirudi, ni ng'ombe tu, habari za shule ziishe.

Wewe tu ndiye uliyeniuliza shida ni nini.

"Hiyo lugha ni ya watu gani?" ulisema ukikamua mbuzi.

"Walishakufa zamani, Yeyo."

"Walishakufa, na bado wanakunyima usingizi?"

Nilicheka, lakini nilikuwa karibu kulia. Maneno yenyewe niliyaweza: aqua ni maji, terra ni ardhi, puella ni msichana. Kilichonishinda ni kwamba neno halikutulia. Msichana akiona, ni puella; akionwa, ghafla ni puellam. Kwa nini jina libadilike eti kwa sababu mtu ameangaliwa? Nilidhani Warumi walitaka tu kututesa.

Kesho yake asubuhi alikuja Mama Wanjiku, yule jirani aliyetoka Kiambu akanunua ploti karibu na boma letu hapo Kitengela, akafungua duka. Alitaka kuongea na wateja wake kwa Kimaasai, nawe ulikuwa ukimfundisha kidogo kidogo. Siku hiyo alijaribu kusema kwamba fulani anamwona mtu. Akasema, "Edol oltungani."

Ukatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hapo umesema huyo mtu ndiye anamwona. Sikia: edol oltungani."

"Si ni kitu moja tu nimesema?"

"Si moja. Huyu anaona, huyu anaonwa. Sikiza sauti."

Ukayarudia yote mawili, polepole. Maneno yale yale, ila sauti ilipanda hapa ikashuka pale, na mtu aliyekuwa akitazama akawa anatazamwa. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji, nikaiweka chini. Maisha yangu yote nilikuwa nikilibadilisha jina la mtu kila nilipofungua mdomo, wala sikuwahi kujua. Kile Warumi walichokifanya mwishoni mwa neno, sisi tulikifanya kwa sauti, na nilikipata kwako nikiwa bado mgongoni.

Muhula uliofuata nilipita. Padre aliponiuliza nani alinisaidia, nikamjibu kwamba ni mama. Alidhani wewe ni mwalimu, nami sikuona sababu ya kumkatalia.

Nilipokueleza hayo yote wakati wa Krismasi, ulisukuma kuni motoni. Kisha ukasema, "Kumbe hao watu wa zamani nao walikuwa na mama zao."

Upadre sikuufikia, unajua. Nimekuwa mwalimu wa lugha, na bado sijasikia mtu akisema jambo kubwa kuliko hilo.

Tangu uondoke, nyumba za mawe zimejaa mpaka pale mbuzi walipolala. Naserian wangu, mjukuu wako, ameanza shule. Anaongea Kiswahili na Kiingereza; Kimaasai anakisikia kwangu tu. Nacho tukikiandika, herufi hazionyeshi sauti inapopanda wala inaposhuka. Kwa hiyo jioni tunaweka vitabu kando. Namtamkia neno, naye anautazama mdomo wangu.

Juzi alikosea. Nilipotaka kumrekebisha, akaniwahi: "Ngoja, baba. Nimesikia."

Akalisema upya, sawasawa, na ilikuwa sauti yako, Yeyo, ndani ya mtoto ambaye hukuwahi kumshika. Nilishindwa kuendelea na somo.

Pumzika. Kwaheri; olesere.

Mwanao wa kwanza