Rafiki Yangu Alinipigia Kutoka Uganda Akasema Nisiende

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana nikichelewa nitakuwa nimeshavuka mpaka. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ijuganyondo hapa Bukoba, nimekata minofu ya samaki katika kiwanda kimoja huku Kemondo tangu sijaolewa, mpaka mwaka huu wenye kiwanda walipotukusanya getini wakasema uzalishaji unahamia Uganda, mashine zikapakiwa kwenye malori tukiangalia, wengine tukalia kama tuko msibani.

Baadaye maofisa wa serikali walikuja kutueleza kwamba sisi tuliokuwa tunakatwa michango tunaweza kuomba fao la kukosa ajira NSSF, na anayetaka anaweza kujifunza ufundi, nikapata moyo kidogo, lakini aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu, nitamwita Kagaruki, akatuita pembeni akasema, "Hizo ni porojo. Ukijiandikisha kule jina lako linapelekwa kwa wenye kiwanda, hawakuajiri tena. Mimi nawapeleka kulekule zilikokwenda mashine." Akachukua vitambulisho vyetu vya taifa, eti vya kushughulikia vibali, nikampa changu na cha mdogo wangu Annastella, kwa sababu tunasali naye na mume wangu Mwijage anamheshimu.

Sasa rafiki yangu Paskazia wa Izigo, tuliyekuwa tunasimama naye meza moja kiwandani, aliondoka na kundi la kwanza, na juzi nikiwa namenya ndizi simu ikaita, namba ya Uganda, nikasikia sauti yake anaongea Kihaya chini chini, harakaharaka, "Judica, usije, na Annastella asije," nikamuuliza uko wapi, nikasikia mlango unasukumwa, simu ikakatika, na nikipiga haipatikani. Nilipomwambia Mwijage akasema, "Labda anaogopa mtamzidi kazi. Sisi tutakula nini?" Jumapili mama yake Paskazia, Mama Magdalena, alikuja kanisani kwetu akasimama akamshukuru Mungu kwa ajira ya binti yake, na mimi nilikaa nimeinamisha kichwa, sikumwambia kitu, maana Kagaruki alikuwa benchi la nyuma yangu, na tulipotoka akanishika mkono akaniuliza, "Mnajiandaa? Mdogo wako ndiye wanayemtaka zaidi." Waitu Mshauri, nakusihi unijibu. Nikikataa atanifanya nini, na nikienda je?

Judica (si jina langu, na ya wengine pia nimeyabadili), Ijuganyondo.

MSHAURI ANAJIBU

Judica, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia simu mara tu nilipomaliza kusoma, na niliyokuambia ndiyo haya.

Usiende. Annastella asiende. Umeshaambiwa na mtu aliyeko hukohuko, tena aliyejihatarisha ili akuonye. Unamsubiri nani mwingine? Mtu anayetafuta wakata samaki hamwambii dada mtu kwamba mdogo wake ndiye anayetakiwa zaidi. Ulivyoogopa ulikuwa sahihi. Ila kwa woga huohuo umemwacha mama wa watu anatoa shukrani kanisani, na wewe ndiye uliyesikia sauti ya mwanawe. Hapo umenikasirisha, mwanangu, na siwezi kuficha.

Nenda Izigo leo. Mwambie mama huyo kwa kinywa chako, kisha mwende wote polisi na ile namba ya Uganda. Waeleze pia kwamba vitambulisho vyenu viko kwa Kagaruki. Mwijage, wewe nawe uende. Naelewa unaogopa njaa, lakini ukiambiwa na mkeo kwamba mtu yuko hatarini, usimjibu habari za wivu.

Kuhusu serikali, fao hilo si sadaka wala mtego. Ulichangia ukiwa umesimama na mabuti kwenye maji ya barafu, kwa hiyo nenda mwenyewe ofisi ya NSSF Bukoba ukaulize masharti yake na kama umeyatimiza. Usiulizie kwa watu wa pembeni. Sikudanganyi kwamba litamaliza shida. Litakupa nafasi ya kupumua tu, na muda wake una mwisho. Ndiyo maana nataka wewe na Annastella mkaulize pia habari za mafunzo kabla hamjakata tamaa.

Wasomaji, haya yalitokea kabla hatujachapa. Judica alikwenda Izigo na mumewe. Mama Magdalena alimsikiliza mpaka mwisho, hakulia, akajifunga kitenge akasema, "Twendeni." Polisi wa huku waliwasiliana na wenzao wa ng'ambo, na wiki iliyofuata Paskazia na wenzake wanne walikabidhiwa Mutukula mpakani. Walikuwa wamefungiwa kwenye nyumba moja, wamenyang'anywa simu; ile aliyopigia aliiiba kwa mlinzi aliyesinzia. Kiwanda hawakuwahi kukiona. Paskazia yuko kwa mama yake, anakula, lakini mtu akibisha hodi anajificha chumbani.

Kagaruki ametoroka na vitambulisho vyote, na hajulikani alipo. Judica ameniambia kwamba sasa anafunga mlango kwa komeo mchana kweupe, na NSSF bado hajaenda kwa kuogopa kukutana naye njiani.

Funga, Judica, sikulaumu. Lakini Jumatatu asubuhi ufungue, umshike mdogo wako mkono, Mwijage atangulie mbele, mwende.