Surua ya Lea

Shamsiya, nimetoka kwa bibi Praxeda sasa hivi. Siamini alichoniambia.

Mwaka 1956, kwenye shamba la mkonge Muheza, binti yake Lea aliugua surua. Bibi akamwogesha. Mama mkwe akamwambia, "Unamuua kwa maji." Siku ya tatu Lea akafa.

Unamuua kwa maji. Kaishi na neno hilo miaka yote, bila kumwambia hata babu.

Nikamweleza kwamba kirusi cha surua kina protini zinazoiziba seli mdomo, isiweze kuziamsha kinga za mwili. Kinga zinachelewa, kirusi kinazaliana.

Akauliza taratibu, "Kwa hiyo si maji?"

"Si maji, bibi."

Kisha akasema, "Siku ile ya mwisho homa ilimuunguza, akaomba nimwogeshe. Nikamkatalia."