Mkono Niliokuwa Nimeufunga

Dada Sechelela,

Sauti ya mkono wangu ulipovunjika ilikuwa ndogo mno. Watu hudhani mfupa ukikatika hulia kama mti unaoanguka. Wangu ulilia kama bua la mtama linapokanyagwa, kah, basi. Hata Bibi, mwalimu wetu Mwingereza, aliyekuwa amesimama karibu nami, hakuisikia. Wewe uliisikia kutoka upande wa pili wa uwanja. Ulitupa gongo lako la kriketi, ukaja mbio, ukanishika kidevu ukasema, "Usiutazame. Nitazame mimi." Nikakutazama mpaka waliponibeba. Sauti ile bado naisikia, nikiwa napepeta, nikiwa kanisani, nikiwa nawafundisha watoto herufi. Kila nikiisikia natafuta uso wa kutazama, na siuoni.

Nakuandikia kwa sababu mengi yamebadilika tangu ulipokufa, na hakuna mtu ninayeweza kumwambia yote bila kumuumiza. Nianze na madogo. Gari la moshi la Wajerumani sasa linapita Dodoma, na mama bado hakubali kulitazama. Anasema kitu kinachotembea bila kula hakina shukrani. Nywele tulizonyoa kwa msiba wako zimeota. Baba bado anafundisha kanisani, ila siku hizi husimama katikati ya sala kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani.

Na Tabita wako anatembea. Mumeo Mika alituletea mtoto baada ya kukuzika, akiwa na siku chache tu, amefungwa katika shuka lako, na mama akamlea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa uwele. Ana paji lako la uso. Hataki kubebwa. Ukimwita, anakuja mbio na hasimami mpaka akugonge magoti.

Kriketi niliacha. Unakumbuka wajomba walivyotucheka Bibi alipoanza kutufundisha kuvilinda vijiti vitatu kwa gongo, mpira usiviangushe? "Mnachunga vijiti? Vitakwenda wapi?" Wewe ukawajibu kwamba ng'ombe wao pia hawaendi mbali, na bado wanachungwa. Tulikuwa tukisimama wawili, wewe mwisho huu na mimi mwisho ule, na mmoja akiupiga mpira tulikimbia kubadilishana mahali. Hatukuwa tunaangaliana. Ukisema "Njoo!" nilikuja, ukisema "Kaa!" nilikaa. Sikujua kwamba huko ndiko kumwamini mtu. Nilidhani ni mchezo.

Siku niliyovunjika ilikuwa ya mwisho kwako kucheza kabla hujaolewa Haneti. Nilikulaumu kwa kuolewa kuliko nilivyolaumu lile shimo la panya lililonikwaza.

Mkono ulipona, Dada, ingawa ulichukua zaidi ya mwaka, maana mara ya kwanza mfupa uliunga vibaya. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo wa barua. Ulipona mtama ukiwa bado mbichi. Nilikuwa juu ya dungu nalinda shamba, ndege wakashuka kama vumbi, nami nikasahau. Nikautoa mkono kwenye kitambaa cha shingoni, nikaokota donge la udongo, nikalirusha kwa nguvu zote. Ndege wakaruka pamoja. Nikangoja maumivu. Hayakuja. Badala ya kushangilia nilikaa chini nikalia, maana nilijua nani anaungoja mkono huo.

Unaijua desturi yetu. Mke akifa kijana, kwao humtoa mdogo wake aingie nyumba ileile, jiko lisipoe na mtoto asilelewe na mgeni. Shangazi yake Mika alikwisha kutuma neno: matanga yameisha, mdogo wa marehemu yupo, wanangoja tu mkono wake uunge. Bibi aliposikia alikasirika, akasema kanisa linakataza mtu kuoa ndugu wa mkewe. Neno hilo lilipomfikia Shangazi, akarudisha lake: "Kanisa lilikuwa wapi tulipoleta ng'ombe? Si lilikunywa maziwa pamoja nasi?" 

Nilipomwonyesha mama kwamba mkono umepona, alikichukua kitambaa akaufunga tena mwenyewe. "Ufunge," akasema. "Asiye na mkono hasagi, na asiyesaga haitwi kwenye nyumba ya mtu. Ukionekana mzima watakuja. Ukikataa watamchukua mtoto. Ufunge, mwanangu, tukae hivi hivi."

Tukakaa hivi hivi. Nilijifunza kula kwa mkono mmoja, kufundisha kwa mkono mmoja, kupanda kilima na mtungi nusu. Wasichana wakienda uwanjani Jumamosi nilikaa ndani nikisikia mpira unavyogonga mbao. Bibi aliniambia mara moja tu, "Ukipona, mahali pako papo." Nikamjibu asante, nikatazama chini.

Kisha ikaja sikukuu ya mavuno. Shangazi akaja kutoka Haneti pamoja na Mika kuuangalia mkono kwa macho yake. Nilimsalimu, "Shikamoo, Shangazi," akaniitikia "Marahaba, mke wetu," mbele ya watu wote, akaketi kwenye kigoda kivulini mwa ukuta wa kanisa na ugoro wake. Wasichana walipoingia uwanjani aliuliza kwa sauti, "Hawa wamekosa nini hata wanakimbizwa juani?" Askari mmoja wa boma la Wajerumani aliyekuja kutazama akamwambia, "Mama, huu ni mchezo wa Waingereza. Hauna mwisho, ndiyo maana Bwana Mkubwa wetu haupendi." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, Tabita mapajani, mkono kifuani.

Wasichana wa upande wetu wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Mhindi mwenye duka Dodoma, ambaye Bibi humwomba awe mwamuzi kwa kuwa anaujua mchezo, alikuwa kila mara ananyanyua kidole na kusema, "Toka, mama, toka, usinune." Mwisho akabaki Raheli, peke yake, na bila mwenzake hawezi kuendelea. Bibi alinitazama kisha akageuza uso. Hakuniita. Angeniita ningekataa.

Ndipo nikakitazama kitambaa. Nikaona kwamba kilikuwa kinasema "hapana" kwa niaba yangu, na kwamba kitaendelea kusema hivyo mpaka siku nitakaposahau kusema mwenyewe. Nikawa naogopa kitu kimoja tu, Dada: kuzeeka nikiwa mgonjwa wa ugonjwa nisiokuwa nao. Nikampa mama mtoto. Mama akajua. Akanishika nguo, akasema kwa kunong'ona, "Loi, usifanye." Nikakifungua, nikakiacha pale chini, nikaenda.

Usidhani nilicheza vizuri. Mpira wa kwanza nilifumba macho, ukanipiga palepale palipounganika, na kwa kitambo sikuona kitu. Wa pili niliukosa kabisa, watoto wakapiga kelele. Wa tatu niliugusa kidogo, Raheli akaita "Njoo!" nami nikasimama kama nguzo. Haikuwa sauti yako. Miguu haikuitambua. Raheli alikuwa amefika katikati, akapiga ukelele, "We Loi, unangoja barua?" Nikakimbia. Nilichelewa, nikafika nimeanguka kifudifudi, vumbi mdomoni, na yule Mhindi akasema nimefika. Nikainuka. Mkono ulikuwa unauma na ulikuwa wangu.

Baadaye nikaupiga mmoja vizuri. Ukavuka watu, ukaenda kugonga ua wa miiba wa zizi, nasi tukakimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Kwa muda huo sikuwa na msiba. Kisha ukaja mwingine ukaangusha vijiti vyangu, na mwamuzi akaninyanyulia kidole.

Shangazi alikuwa ananingoja. Aliuchukua mkono, akaukunja, akaunyoosha, akauminya kama mtu anayechagua kibuyu.

"Loo!" akasema. "Kumbe ulikuwa mgonjwa kwa kusaga tu. Kwa kucheza u mzima."

Wanawake wakacheka. Mika hakucheka. Shangazi akanipiga begani kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Haya, mwanangu. Utasaga. Jiandae."

Gongo lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikamwambia, "Mkono ni mzima, Shangazi, sikatai. Mimi ndiye nisiyetaka."

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alinusa ugoro, akakung'uta vidole, akasema, "Haya. Basi mtoto wetu atarudi kwao. Ndama haachwi kwenye zizi la watu waliotukataa." Kesho yake asubuhi Mika akamchukua Tabita. Mtoto alidhani ni mchezo, akatupungia. Mama alikuwa ameshika ncha ya lile shuka lako mpaka likamtoka mkononi. Akaingia ndani. Jioni aliniambia neno moja: "Ungekaa kimya na kitambaa chako, angekuwa hapa."  

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani, maana sikujua pengine pa kwenda. Na huko, Dada, nilicheza vizuri kuliko wakati wowote, hata kuliko siku zetu. Raheli akiita nakuja. Macho yangu yaliuona mpira kabla haujatoka mkononi mwa mrushaji. Wasichana wakanibeba. Nilirudi nyumbani nikiimba, na nilipofika mlangoni na kukiona kikombe kidogo cha uji kimefunikwa juu ya kichanja, nikagundua kwamba mchana kutwa sikumkumbuka Tabita hata mara moja. Ndilo lililonitisha. Huzuni niliizoea. Furaha ile ndiyo iliyoniogopesha, ilivyonichukua mzima mzima.

Hapo Haneti kuna mzee, mwalimu wa kanisa, na mkewe. Wana kishule cha nyasi, na siku nyingi wameomba mtu wa kufundisha wasichana. Nikamwendea Bibi nimwombe anitume huko aliko Tabita. Alisema, "Utapotea kule. Hakuna uwanja, hakuna wenzako." Kisha akasema kwamba watu watadhani nimejipeleka kwa mume kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia watadhani hivyo kweli. Baba alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Hakunibariki wala hakunikataza. Alinipa fimbo yake ya safari, akageuka.

Kwa hiyo barua hii naiandikia Haneti, mahali unapolala. Shangazi aliponiona alipiga makofi, "Si nilisema? Kaja mwenyewe!" Nikamwambia nimekuja, ila nalala kwa mwalimu. Akasema, "Tutaona." Kila siku baada ya masomo nakwenda uani kwao namchukua Tabita mpaka jua linapopungua. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya miguu ya Mika. Jana alinipa jiwe. Shangazi anapenda kumwambia mbele yangu, "Nenda kwa mama yako," na mimi hujibu, "Mama mdogo, Shangazi. Mama mdogo." Naye huniambia neno hilo litachoka kabla yeye hajachoka.

Pengine anasema kweli. Sijiamini sana. Wiki iliyopita Mika aliacha mzigo wa kuni mlangoni kwa mwalimu, akaondoka bila kubisha hodi. Zilikuwa kuni nzuri, kavu, na mke wa mwalimu alikuwa amekwisha kuwasha moja. Zilizobaki nilizirudisha kichwani mwenyewe, na alipozipokea tulishindwa wote wawili kutazamana. Ni mtu mwema, Dada. Ulichaguliwa mtu mwema. Angekuwa mbaya ningekuwa na kazi nyepesi.

Nimefika kaburini kwako. Wamelizungushia miiba ili fisi na mbuzi wasilikaribie, na pameota majani mafupi. Sikusema kitu pale, ndiyo maana naandika. Pumzika, Sechelela. Sikungoji uniite tena, wala sitaki uwe na shaka juu ya mtoto wako. Nakuahidi atajua kwamba alikuwa na mama aliyemjibu kila mtu aliyemcheka, na ataisoma barua hii kwa macho yake atakapokuwa mkubwa, hata yale yasiyonipendeza. Nakuahidi pia kwamba siku nitakayosema "ndiyo" kwa mtu yeyote, au "hapana" kwa mara nyingine, itatoka kinywani mwangu.

Bibi ameniletea salamu kwa mchukuzi: anauliza kama nitarudi kwa michezo ya sikukuu ijayo, aniwekee mahali pangu pamoja na Raheli. Nililala na swali hilo. Leo asubuhi mchukuzi amerudi Dodoma, na nimemtuma amwambie Bibi mahali hapo ampe mwingine.

Mdogo wako,
Loi