Ubeti wa Tatu wa "Bado Asubuhi"

Same,
Jumapili, 12 Oktoba

Kwako Dada Namkunda,

Leo nimeweka nadhiri ya kukuambia kila kitu, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kosa nililofanya. Sitaruka kitu ili nionekane mwema. Kwa kifupi, nimelitaja jina lako mbele ya watu wengi bila ruhusa yako, na kutokana na hilo kuna jambo ambalo ni wewe tu unayeweza kuliamua. Lakini siwezi kuingia ndani kabla sijabisha hodi, kwa hiyo kwanza nikusalimu.

Hujambo, dada yangu? Kifua kilichokusumbua kimetulia? Na Bibi je, nyonga yake inamruhusu kufika mlangoni na mkongojo, au bado anasubiri umshike mkono? Shikamoo zangu ziwafikie yeye na Baba na Mama kabla hujasoma mstari unaofuata. Mimi ni mzima kabisa. Huku joto limeanza kuwa kali, vumbi linaingia hadi kwenye sanduku lililofungwa, na maji tunapewa ndoo moja kwa siku. Nimezoea.

Dada, unaukumbuka ule wimbo niliokuja nao likizo ya mwezi wa sita, "Bado Asubuhi"? Hapa Same haipiti saa bila kuusikia. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anaupiga, waendesha bodaboda wanaupiga, na duka la kuchajia simu linaupiga kwa sauti inayotetemesha bati. Sisi haturuhusiwi simu wala redio, kwa hiyo tumeupata kwa vipande, kupitia uzio. Msichana aliyetumwa sokoni na matroni alirudi na kiitikio. Aliyekwenda kung'olewa jino alirudi na ubeti wa pili, akatufundisha huku shavu limevimba, na mpaka leo kuna mahali bweni zima tunaimba kama watu wenye mashavu yaliyovimba. Ubeti wa tatu hatujaupata. Kila unapokaribia, bodaboda inakuwa imeshapita.

Wimbo wenyewe unasema kwamba ukiwa kijana, siku yako yote ni asubuhi. Hata ukipotea njia, unarudi na kukuta jua halijapanda. Unasema kucheka bila sababu ni mali. Nikiuimba, najiona niko kwenye ile kona ya juu ya barabara ya kwetu, ukungu umenifika magotini, natembea na siioni miguu yangu, kama vile nabebwa. Hapa nilipo nikiinua macho naiona milima, lakini kijiji chetu cha Vudee hakionekani. Linaonekana wingu tu, limekaa. Jioni natazama lile wingu na kusema, chini yake dada yangu anakata majani ya ng'ombe, au anamgeuza Bibi upande wa pili.

Nilipokuimbia wimbo ule, ulikuwa unapepeta maharage. Ulicheka, ukasema, "Huo wimbo wa watoto, Nakundwa. Mimi nimeshakuwa mtu mzima." Dada, una miaka kumi na tisa. Na kidole chako kikubwa cha mguu kilikuwa kinafuata mdundo, nilikiona. Nilirudi shuleni na maneno yale kama mchanga ndani ya kiatu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumamosi ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya wazazi, na kila kidato kilitakiwa kuimba wimbo mmoja. Sisi wa kidato cha tatu tulichagua huo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikubali, ila akasema, "Wimbo wenye kilema msiniletee jukwaani. Kama hamna ubeti wa tatu, utungeni." Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ndimi mwimbishaji wa kwaya.

Nashipai ni rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu. Kwao ni wafugaji wa huku tambarare. Alinipa kalamu yake akasema, "Andika raha unazozijua. Kucheza, kupendwa, kuogelea."

"Kuogelea wapi, hapa Same?"

"Basi andika kuoga."

Nilikaa mbele ya karatasi siku mbili. Kila raha niliyoiandika ilikuwa na wewe ndani yake. Wewe ndiye uliyenikalisha kwenye gogo la mgomba tukateleza hadi kwenye kahawa ya jirani. Wewe ndiye uliyenisomea vitabu vyako vya kidato cha kwanza mimi nikiwa bado shule ya msingi, ukaniambia nijifanye naelewa. Halafu nikagundua kitu, nikaweka kalamu chini. Mimi sasa niko kidato cha tatu. Nimekipita kidato ulichoishia wewe. Bibi alipoanguka, Baba alisema utakaa nyumbani muhula mmoja tu, mpaka asimame. Hakuna aliyekuwa mbaya. Mama alikuwa na shamba, Baba alikuwa na kazi zake za ujenzi huku na kule, mimi nilikuwa mdogo. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa mitatu, na hakuna mtu aliyesema hata siku moja kwamba hutarudi tena shule. Tulinyamaza tu, na mimi nikiwemo.

Kwa hiyo nikatunga ubeti kwa mtindo wa kwetu, wa kuitana majina. Nashipai hakuelewa, ikabidi nimweleze. Nikamwambia kwamba kule milimani, mvua zikikaribia, kijiji kizima kinatoka kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzibua mfereji unaopeleka maji kwenye bwawa letu la kumwagilia. Mwimbishaji anaita jina la mtu katikati ya wimbo. Aliyeitwa anainua jembe na kujibu "Nipo", ndipo wimbo unaendelea.

"Na kama hayupo?"

"Wimbo unasimama mpaka mtu mwingine amjibie. Na anayemjibia anachimba vipande viwili, chake na cha yule asiyekuwepo."

Nashipai akacheka sana. "Nyie Wapare, hata wimbo mnaugawia kazi."

Kwenye mazoezi niliita jina langu mwenyewe, na wenzangu walijibu "Nipo" kwa pamoja wakicheka. Ndivyo ilivyopangwa. Siku yenyewe nikapanda jukwaani, Nashipai akaanza kupiga ndoo, na nilipofika kwenye ubeti wa pili nikamwona Shangazi Naetwe kwenye benchi la mbele, na mwavuli wake magotini. Sikujua kwamba ameshuka. Alikuja kuuza maharage, akapita kuniletea ndizi. Unajua tunavyomwogopa dada yake Baba. Ndiye aliyemwambia mchungaji kwamba mahubiri yake ya Pasaka yameiva upande mmoja. Nilimtazama, nikauona uso wa Bibi ndani ya uso wake, na mdomo wangu ukaacha jina langu na maneno ya mazoezi, ukachukua lako na maneno mapya. Niliimba hivi:

Bado asubuhi kwangu, kwa dada yangu je?
Alikaa muhula mmoja, muhula haujaisha.
Jua lile lile moja latutazama sote.
Namkunda, uko wapi? Namkunda, itika.

Hakuna aliyejibu. Wenzangu wengi ni wa huko huko milimani, na wanajua kwamba jina la mtu wa kweli asiyekuwepo halijibiwi kwa mchezo. Walitazamana. Kiganja cha Nashipai kilisimama hewani juu ya ndoo. Mkuu wa shule aliangalia ratiba yake kama mtu anayetafuta mahali palipoandikwa kimya. Nikaona tayari maneno yanapanda mlima kabla yangu, kwamba binti wa pili amemsema baba yake mbele ya wageni. Nilitamani sakafu inifunike.

Kisha Shangazi akasimama. Akainua mwavuli wake juu kama jembe, akasema, "Nipo."

Wazazi wa mjini walicheka, wakidhani ni mama mzee aliyechangamka. Wale wa milimani hawakucheka. Ndoo ikalia tena, tukaingia kwenye kiitikio, na sitakuficha, Dada, nilifurahi. Niliimba kama mtu aliyewekewa mabawa. Kwa muda ule sikuwa nimekaa mahali popote, si Same wala Vudee, nilikuwa ndani ya sauti tu.

Baadaye nilimfuata Shangazi nyuma ya jiko la shule, ambako alikuwa ametafuta kivuli.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sauti hiyo umeitoa wapi? Upande wa mama yako hawana sauti."

"Nisamehe, Shangazi. Sikukusudia kumtia Baba aibu."

"Baba yako aibu huwa anajitafutia mwenyewe, hahitaji msaada wa shule. Kaa chini, kula ndizi."

Nikakaa. Nikamuuliza kama alijibu kwa utani. Akanitazama kama nimemuuliza kama maharage yake yana mawe.

"Mimi nina umri wa utani? Yule mama aliyelala kule ni wa nani? Alinizaa mimi kwanza, ndipo akamzaa huyo baba yenu. Miaka mitatu ninapeleka ndizi, nakaa kidogo, narudi kwangu kama mgeni. Baba yenu hakuniomba, na mimi nikajifanya nangoja kuombwa. Wazee wawili tunashindana kiburi, na mtoto ndiye anayelipa."

"Lakini hatukukuita wewe, Shangazi. Nilimwita Dada."

"Mmemwita, hajaitika. Nimemwitikia mimi. Kwani umesahau kwenu? Kipande ni changu sasa."

Anasema yuko tayari kumchukua Bibi kwake, au kama Bibi atakataa kuhama, basi atafunga mlango wake na kuhamia kwetu yeye. Tangu mume wake afariki, nyumba yake ina kuku tu wa kuzungumza nao, na anasema hata wao wamemchoka. Kisha akaninyooshea kidole. "Ila sitamwambia baba yako neno mpaka Namkunda mwenyewe aseme anataka. Simtoi mtu nyumbani kama mpangaji."

Jumatatu Mwalimu wa Kiswahili akaniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kwa adhabu. Akaniuliza, "Huyo Namkunda ni mtu wa kweli au ni wa kutungwa?" Nikamwambia ni wa kweli, na anapika makande mazuri kuliko ya mtu yeyote. Akaniambia kwamba karibu na soko kuna darasa la walioacha shule katikati. Wanasoma yale ya kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, wanafanya mtihani, wanaendelea. Kuna bweni dogo. Wanaanza Januari. Jana aliniruhusu kwenda kuliona. Mmoja wa wanafunzi ana pete ya ndoa. Mwingine anamwacha mtoto kwa mama yake kila asubuhi, na madaftari yake yana alama za vidole vya uji. Walipotoka darasani walicheka kwa sauti kubwa kuliko sisi tunavyoruhusiwa. Nilisimama pale getini nikakuweka katikati yao, na kitambaa chako cha bluu kichwani, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba hupo.

Lakini Dada, kuna kitu kinaninyima raha. Mimi ndiye ninayeota. Kila jioni naota mimi na wewe tunatembea Jumapili kutoka kanisani, tukibishana juu ya hesabu. Sijawahi kukuuliza wewe unaota nini. Labda umeshapanga maisha yako na hayana darasa ndani yake. Labda unampenda Bibi kiasi kwamba kumwachia mtu mwingine kutakuumiza kuliko kubaki. Labda utaona haya kukaa dawati moja na watu, ukiwa na umri wako. Au labda umenikasirikia kwa kukuimba kama habari ya redio, na ukikasirika una haki. Lolote lililopo moyoni mwako niandikie kama lilivyo, hata likiwa hapana. Nitalipokea, na nitakupenda vile vile.

Shangazi bado yuko mjini na anapanda Jumatano. Ameahidi kukupa barua hii mkononi bila kuifungua. Nimeitia gundi mara mbili hata hivyo.

Nisalimie Mama, umwambie soksi alizonifumia zinanifaa ingawa joto linazicheka. Msalimie mwalimu wa kwaya yetu, na yule mama jirani mwenye kahawa tuliyokuwa tunaivunja. Bibi msalimie kwa kumshika mkono, asikie ni mimi. Baba mpe salamu zangu za heshima, lakini haya mengine ngoja kwanza, mpaka wewe mwenyewe utakapokuwa tayari.

Mwalimu amenipa fomu. Inatakiwa irudi Ijumaa ya wiki ijayo, na gari la Vudee hushuka Alhamisi, kwa hiyo jibu lako likipanda humo litaniwahi. Nimejaza shule uliyosoma, kidato ulichofikia, na jina la kijiji. Mstari wa juu kabisa nimeuacha mtupu, maana jina lako nimeshalitumia mara moja bila kukuuliza, na sitaki kurudia. Dada, niliandike?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nakundwa