Jamvi la Pindo la Buluu

Shamsa,

Mchele nimeshauchambua. Pika wa watu sita, na yule samaki mbasa mtie nazi. Baba yako mdogo Dulla anakuja kula mchana. ~~Mzidishie pilipili.~~ Hapana, chakula kiwe kitamu. Nataka ashibe.

Asubuhi nikifagia nimeiokota ile picha ya pikapu baba yako aliyoitoa kwenye intaneti kule Mbeya. Muuzaji eti yuko Dar, tumeni nusu ya pesa, gari lije. Nilimwambia baba yako akalione kwanza, aliguse, aliwashe. Akanicheka: "Mama Shamsa, hili ni soko huria, siku hizi gari linanunuliwa umekaa." Akatuma. Muuzaji akazima simu.

Leo nimeitazama picha vizuri. Nyuma ya gurudumu kumeanikwa kakao. Dar gani hiyo wanaanika kakao kama huku kwetu? Tena juu ya jamvi langu la pindo la buluu, nililomwazima Dulla msimu uliopita, akalirudisha na shukrani za "ndaga fijo, shemeji" kibao! Gari la watu, uwanja wa Dulla, jamvi langu.

Baba Shamsa, ukiamka usimpigie simu mdogo wako. Ulishanicheka, inatosha.

Nimekwenda kituoni. Nitarudi na askari wawili, ndio tutatimia watu sita.

Shamsa, Dulla usimpe kiti. Mtandikie jamvi lile lile, na hiyo picha uiweke chini ya sahani yake. Akimaliza kula ataiona.

Mama yako